Kuimarisha kituo cha tiba kwa manusura wa mateso mkoani Kigoma: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kwa zaidi ya miaka hamsini Kigoma imewapokea watu waliokimbia mateso. Warundi walikuja mwaka 1972 na tena 1993. Wakongo walivuka ziwa, na mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu. Mwaka 2015 Warundi walifurika upya hadi kambi ya Nduta, kule Kibondo, ikafunguliwa tena. Mwaka 2023 mitumbwi ya Wakongo iliwasili kwa wingi mara nyingine. Miongoni mwa hao wote wamo waliopigwa fimbo kwenye nyayo, walioning'inizwa kwa mikono, waliozamishwa vichwa majini na waliobakwa mbele ya watoto wao. Wamo pia Watanzania, ingawa Katiba yetu, ibara ya 13(6)(e), inapiga marufuku mtu kuteswa. Wengi wao hawasemi lolote. Wanakuja zahanati kuomba dawa ya mgongo, wanapewa panado, wanarudi nyumbani.

Mwongozo huu ni wa mganga mfawidhi, nesi, afisa ustawi wa jamii au kiongozi wa asasi ambaye tayari ana kituo, hata kama ni vyumba viwili na mti wa kivuli, na anataka kifanye kazi vizuri zaidi. Msimamo wangu ni mmoja, nao utaonekana kila hatua. Mtesaji alimnyang'anya mtu uamuzi juu ya mwili wake: ale lini, alale lini, aseme lini, anyamaze lini. Kituo kinatibu kwa kiwango kile kinachomrudishia uamuzi huo, kidogo kidogo, kuanzia getini. Vitanda vipya, gari na semina ni vizuri, lakini vipimwe kwa kipimo hicho.

Hatua ya kwanza: pita kituoni kwako kama mgonjwa

Tenga asubuhi moja. Anzia barabarani na upite kila mahali anapopita mgonjwa, ukiwa na daftari, na ikiwezekana uongozane na manusura aliyekwisha pona vya kutosha na aliyekubali kazi hiyo kwa malipo. Yeye ataona usivyoviona.

Getini kuna nani? Mlinzi mwenye sare ya kijani, buti na kirungu anaweza kumfanya mtu ageuze njia kabla hajafika mapokezi. Mvalishe shati la kawaida, aweke kirungu ndani, na afundishwe kusalimia: "Shikamoo mzee, karibu," kisha aelekeze. Asiulize "unaumwa nini?" mbele ya foleni. Asimpekue mtu bila kumweleza sababu na kungoja akubali.

Benchi la kusubiri limeelekea wapi? Manusura wengi hawawezi kukaa wakiupa mlango mgongo. Panga mabenchi ili watu wauone mlango na waone njia ya kutokea. Chumba cha mazungumzo kiwe na viti vitatu au vinne vinavyofanana, na mgeni achague chake kwanza: "Karibu mama, pole na safari. Kaa popote upendapo. Mlango tuufunge au tuuache wazi?" Maswali mawili tu, na tayari ameamua mambo mawili. Usikae nyuma ya meza kubwa ukimwandika. Aliyewahi kuhojiwa anaijua meza hiyo.

Halafu vifaa. Hapa ndipo vituo vingi huumiza watu bila kujua. Mkanda wa kupimia shinikizo la damu unaobana mkono taratibu, nyaya za kipimo cha moyo zinazobandikwa kifuani, kiti cha daktari wa meno kinacholala nyuma, taa kali usoni, glavu za mpira zinazovutwa kwa mlio, ndoo ya maji pembeni ya kitanda, jenereta inayowaka ghafla nje ya dirisha: kila kimoja kinaweza kumrudisha mtu kwenye chumba alichoteswa. Aliyepigwa shoti ya umeme asiwekewe kifaa cha tiba ya viungo kinachotumia umeme kabla ya kukigusa mwenyewe kikiwa kimezimwa, akaelezwa kinafanya nini, akapewa nafasi ya kukikataa. Kanuni ya chumba cha vipimo iwe hii: onyesha, eleza, omba ruhusa, anza, simama akiinua mkono. Ibandike ukutani kwa Kiswahili na Kirundi. Na mtu asiambiwe alale kifudifudi kama anaweza kuchunguzwa akiwa ameketi.

Muda nao ni sehemu ya tiba. Toa miadi yenye saa, hata kama kituo kizima kinaendeshwa kwa foleni. Kusubiri kwa saa nne bila kujua utaitwa lini kunafanana mno na kizuizini.

Hatua ya pili: wakalimani

Kama una fedha za kuboresha jambo moja tu mwaka huu, boresha ukalimani. Najua wengine wataanza na daktari. Lakini daktari bingwa asiyeelewana na mgonjwa atapima malaria na kumruhusu aende.

Kigoma tuna bahati: Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana kwa kiasi kikubwa, na Wakongo wengi wanazungumza Kiswahili. Bahati hiyo ina mtego. Nesi Muha anaelewa neno kwa neno lakini hajui kwamba kwa mgonjwa huyu swali "unatoka mlima gani?" (mlima ndio kitongoji kwa Warundi) linaweza kumaanisha "wewe ni wa upande gani?" Kiswahili cha Uvira, kule Kongo, nacho si cha Ujiji. Usidhani umeelewa. Rudia ulichosikia na umwachie mgonjwa akurekebishe.

Fanya hivi. Kwanza, kuwa na orodha ya wakalimani wanaume na wanawake, wa asili na maeneo tofauti, na mgonjwa achague. Mwanamume aliyebakwa (nao ni wengi kuliko tunavyopenda kukiri) anaweza kutaka mkalimani mwanamke, au mgeni asiyeishi zoni yake ya kambi. Usimwamulie. Pili, mtoto asimkalimanie mzazi, wala mume mkewe, wala jirani jirani yake. Tatu, mkalimani atie saini ya kutunza siri na aeleweshwe kwamba kuivunja ni kupoteza kazi. Nne, kabla ya kila mazungumzo tumieni dakika chache kupanga, na baada yake dakika chache za kupumua.

Hizo dakika za mwisho zina sababu. Mkalimani mzuri husema "mimi": "nilipigwa, nilifungwa, walimuua mwanangu." Anayatamka mateso ya mwenzake kwa kinywa chake mwenyewe siku nzima, na mara nyingi naye ni mkimbizi aliyeyaona hayo hayo. Kumlipa posho ya siku kama kibarua wa kubeba maboksi ni dhuluma, na ndiyo sababu wazuri wanaondoka. Mpe mkataba, mshahara unaojulikana, na nafasi katika kikao cha timu.

Hatua ya tatu: anzeni na mwili

Wagonjwa wengi wataupokea msaada wa mwili kabla hawajawa tayari kusema lolote kuhusu moyo. Uanzieni huko kwa heshima.

Jifunzeni maumivu yanavyoacha alama. Kupigwa nyayo mara nyingi hakuachi kovu, ila mtu hutembea akiegemea ukingo wa mguu na hulalamika kuwaka moto usiku. Kandambili nyembamba humzidishia. Raba zenye soli laini, kukanda misuli ya miguu na mazoezi ya kifundo humsaidia. Aliyefungwa mikono nyuma akaning'inizwa huumia mishipa ya fahamu ya bega. Mama wa namna hiyo anashindwa kufunga mbeleko au kujitwisha ndoo, na wakwe humwita mvivu. Makofi ya pamoja kwenye masikio mawili hupasua ngoma ya sikio, hivyo chunguzeni masikio kabla ya kuandika "hashirikiani katika kikundi". Aliyepigwa kichwani aulizwe kama alizimia, kama anaanguka kifafa, kama anasahau. Kifafa kina dawa, na kimewafanya watu wengi wafungiwe ndani wakiitwa wenye mapepo.

Mtaalamu wa tiba ya viungo ni nguzo ya kituo. Kama hamna wa kudumu, kubalianeni na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni au hospitali ya wilaya aje siku maalumu, huku akimfundisha mhudumu wenu mazoezi ya kupumua, ya mgongo, bega na nyayo ambayo mgonjwa atayafanya nyumbani bila kifaa chochote.

Kuhusu dawa, mambo mawili. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2013, lilishauri dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu zisitumike kutibu dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Hata baadaye msizifanye njia ya mkato ya kumlaza mtu, maana mazoea yake ni mabaya. Na amitriptilini, ambayo daktari anaweza kuiandika kwa sonona au kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, ni hatari ikinywewa kwa wingi. Mtu mwenye mawazo ya kujiua asipewe ya mwezi mzima mkononi. Kuhusu hayo mawazo, ulizeni waziwazi, kwa sauti ya kawaida. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo la kujiua.

Hatua ya nne: mazungumzo yenye mpango

Kosa kubwa ni kumkalisha mtu siku ya kwanza na kumwambia atoe yote moyoni ili apone. Shirika la Afya Duniani halipendekezi mazungumzo ya mara moja ya kumtoa mtu simulizi mara tu baada ya tukio. Hayazuii ugonjwa wa kiwewe. Mgonjwa asimulie akitaka, kwa kiasi anachotaka, kwa mtu mmoja aliyemchagua. Simulizi lisirudiwe mapokezi, kwa nesi, kwa daktari, kwa mshauri, kisha kwa mgeni wa wafadhili.

Kituo kidogo kinaweza kuwa na ngazi tatu. Ya chini kabisa ni kusikiliza, utulivu, usingizi, na kutatua shida za haraka kama chakula na usalama. Ya kati ni tiba fupi ambayo mhudumu asiye mtaalamu anaweza kufunzwa na kuitoa akiwa chini ya msimamizi. Mfano ni programu ya Shirika la Afya Duniani iitwayo Problem Management Plus: vikao vitano vya takriban saa moja na nusu kila kimoja, vinavyofundisha kutuliza mwili, kupanga utatuzi wa shida, kurudia shughuli na kuimarisha uhusiano na watu. Ya juu ni tiba ya kiwewe chenyewe.

Kwa ngazi hiyo ya juu, njia iliyojaribiwa karibu nasi ni tiba ya simulizi ya maisha. Mtu hutandika kamba chini, akaweka ua kwa kila jambo jema na jiwe kwa kila balaa tangu kuzaliwa, kisha kwa vikao kadhaa husimulia maisha yake kwa mpangilio, na mshauri huandika. Mwishoni hupewa maandishi yake. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ambako washauri walikuwa wakimbizi wenyewe waliopewa mafunzo, nao waliwasaidia Wanyarwanda na Wasomali kupunguza dalili za kiwewe. Wapo watu wanaosema tusubiri wanasaikolojia watoke Dar es Salaam. Nakivale inaonyesha kwamba tunaweza kuanza na watu wetu, mradi wanafunzwa vizuri na wanasimamiwa kila wiki. Bila msimamizi msiianze kabisa. Kulifungua jeraha ambalo huna uwezo wa kulifunga ni kumtesa mtu upya.

Vikundi vya watu wanane hadi kumi, wiki kumi mfululizo, hufaa sana kwetu, kwa sababu watu wamezoea kukaa pamoja. Wanawake na wanaume watengwe. Msichanganye watu bila kujua historia za upande wao. Kila kikundi kipange kanuni zake chenyewe, ikiwemo haki ya kutoka nje bila kuaga.

Mnyakyusa au Muha aliyeteswa kwao, Mrundi au Mbembe, kila mmoja ana mchungaji, shehe au mganga wa jadi anayemwamini. Wajueni. Wanaoleta wagonjwa ni wao.

Hatua ya tano: kumbukumbu na ushahidi

Kuna mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza na kuandika mateso, uitwao Itifaki ya Istanbul. Uliwasilishwa mwaka 1999 na kusahihishwa mwaka 2022. Angalau daktari mmoja na mshauri mmoja waufahamu. Unafundisha kuandika maneno ya mgonjwa kama alivyoyasema, kuchora alama kwenye picha ya mwili, kupiga picha ya kovu ikiwa na rula pembeni, na kueleza kwa ngazi tano jinsi dalili inavyolingana na simulizi: hailingani, inalingana, inalingana sana, ni ya kawaida kwa aina hiyo ya mateso, au haiwezi kutokana na kitu kingine. Unasisitiza pia kwamba kukosekana kwa kovu si uthibitisho kwamba mtu hakuteswa.

Ripoti ya aina hii inaweza kumsaidia mtu katika maombi ya hifadhi au makazi katika nchi ya tatu. Lakini ni yake. Aulizwe kama anaitaka, ielekezwe kwa nani, na akikataa aendelee kutibiwa sawasawa. Kwa majeraha mapya suala la fomu ya polisi, PF3, litajitokeza. Aliye hatarini atibiwe kwanza, karatasi ifuate, na aelezwe fomu hiyo ni ya nini kabla hajaambiwa aende kituo cha polisi kuichukua. Kwa wengine, neno "polisi" pekee linatosha kuwafanya wasionekane tena.

Msibanwe na maana ya kisheria ya mateso. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1984 unazungumzia mateso yanayofanywa au kuridhiwa na watu wa serikali. Mahakamani tofauti hiyo ina uzito. Kwenye dirisha lenu la dawa, aliyeteswa na waasi msituni ahudumiwe kama aliyeteswa na askari.

Hatua ya sita: siri na rufaa

Faili liwe na namba, na jina likae kwenye daftari tofauti lililofungiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na adhabu zipo. Pigeni marufuku picha za wagonjwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya kazini, hata kwa nia ya kuomba ushauri.

Andikeni ramani ya rufaa ya ukurasa mmoja: nani anapokea kifafa, nani upasuaji, nani mgonjwa wa akili aliyezidiwa, nani mtoto aliyebaki peke yake, nani msaada wa kisheria. Kila mstari uwe na jina la cheo na namba inayopokelewa. Kwa anayeishi kambini ongezeni kibali cha kutoka kambini na nauli, kwa sababu miadi ya Maweni bila kibali na nauli ni karatasi tu. Masika zingatieni barabara. Pangeni rufaa zisizo za dharura mapema, kabla mvua hazijachanganya.

Hatua ya saba: walindeni wanaosikiliza

Mshauri anayesikiliza visa vya mateso saa nane kwa siku ataanza kuota ndoto za wagonjwa wake. Wekeni kikomo cha wagonjwa wapya kwa wiki. Kila wiki kuwe na saa moja na nusu ya usimamizi wa kitaaluma, ambapo watu wanajadili visa vigumu na hawajadili ripoti wala mafuta ya gari. Kama hakuna mtaalamu jirani, simu ya video na mtaalamu aliye mbali inatosha, mtandao ukiruhusu. Kikao hiki ndicho cha kwanza kuahirishwa kazi zikizidi, na mkiahirisha mara tatu mjue mmekifuta. Mkiweza, kisimamiwe na mtu asiyekuwa bosi wa washauri, ili waseme wanapolemewa bila kuogopa mkataba.

Ukarimu nao una mipaka yake. Msiwape wagonjwa namba zenu binafsi wala fedha mfukoni. Tengenezeni simu ya zamu.

Hatua ya nane: pimeni

Idadi ya waliohudhuria haisemi kama wamepona. Chagueni maswali machache na myaulize siku ya kuanza, baada ya miezi mitatu na baada ya sita: unalala saa ngapi, maumivu ni kiasi gani, kazi zipi za nyumbani umeweza kuzirudia, hasira kwa watoto ikoje, umemtembelea nani wiki hii? Dodoso la sonona la maswali tisa lipo kwa Kiswahili na linafaa kuongezwa. Wanaoacha kuja watafutwe kwa upole na waulizwe sababu. Majibu yao ni ya thamani kuliko ya wanaokuja. Kisha undeni kamati ya manusura wanaolipwa nauli na muda, yenye nguvu ya kubadili ratiba, kanuni za kikundi na hata kuajiri. Kamati ya kupiga picha na wageni haina faida.

Tarehe 26 Juni, Siku ya Kimataifa ya kuwaunga mkono waathirika wa mateso, msiwapandishe manusura jukwaani wakiwa wamevaa fulana za wafadhili. Anayetaka kusema, aseme. Wengine wapewe soda na kivuli kama wageni wengine wote.

Hatua ya tisa: fedha, na siku fedha zitakapokwisha

Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, huduma nyingi za wakimbizi zilitikisika. Kituo chenye mfadhili mmoja kinaweza kufungwa kwa barua pepe moja. Asasi iliyosajiliwa iangalie Mfuko wa Hiari wa Umoja wa Mataifa kwa Waathirika wa Mateso, ulioanzishwa mwaka 1981, unaotoa ruzuku za kila mwaka kwa wanaowahudumia manusura moja kwa moja. Wakati huohuo ongea na Mganga Mkuu wa Wilaya ili dawa za sonona na kifafa ziingie katika oda ya kawaida ya kituo kupitia Bohari ya Dawa, na huduma ya viungo iingie katika mpango wa halmashauri. Kinachobebwa na halmashauri hakiondoki na mradi.

Na andikeni mapema mpango wa kufunga, mkiwa bado na nguvu. Uonyeshe kila mgonjwa atahamishiwa kwa nani, dawa za miezi mitatu zitatoka wapi, mafaili yatakabidhiwa wapi na yapi yatachomwa mbele ya shahidi. Mgonjwa aambiwe walau wiki sita kabla, ana kwa ana na mshauri wake, na aulizwe anataka faili lake liende wapi.